ANASOMA KAMA MAJI, ANAELEWA?

Ndugu yangu wa kijiweni, weka kikombe chini tuulizane. Mdogo wako wa darasa la tatu anajua kusoma? Utanijibu anasoma kama maji. Nami nilijidanganya hivyo hivyo.

Juzi mpwa wangu alinisomea: "Mkulima amevuna mtama." Hakukwama hata silabi moja. Nikamwuliza, mtama ni nini? Akasimama akanionyesha: unamchota mtu miguu, anakwenda chini! Nilicheka mpaka machozi, kisha nikanyamaza. Mtoto wa Manzese huyu, mtama wa shambani ameuona wapi?

Hapo ndipo tunapoingizwa mjini, bwana. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Akishajua ba-be-bi-bo-bu, mtoto atakusomea gazeti zima, nawe utapiga makofi, kumbe kichwani hakuna kilichoingia. Huyo ndiye kesho atakayewekewa karatasi ya mkopo mbele yake, aisome yote, atie sahihi, auzwe.

Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walichaguliwa kuingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma wala kuandika. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK. Sawa. Lakini darasa likijaa mpaka dirishani, mwalimu atamwonyesha nani punje ya mtama? Watoto wa vigogo wana vitabu vya hadithi mpaka chini ya kitanda. Wa kwako ana nini? Ana wewe!

Na wewe unampa nini? "Niletee nanihii." "Ondoa hilo dude." Ajifunze neno gani hapo? Sema bisibisi! Sema spana! Sema kifuniko!

Mimi nilikwenda sokoni nikanunua mtama kidogo, tukaushika, tukapika uji wa unga wake. Kesho yake nikamwuliza tena, na keshokutwa. Neno halikai kwa kusikika mara moja. Kisha nikampa ukoo wa yule mkulima: lima, kilimo, mlimaji, limika. Shina moja, na mengine akayaotea mwenyewe. Usiku umeme ukikatika tunategeana vitendawili. Hiyo haina ada.

Na gazeti hili ukilimaliza, usilikimbize kwa muuza maandazi. Mpe asome kichwa kimoja cha habari (nyingine ruka, unazijua), halafu mwulize maana yake. Asipojua, mweleze. Nawe usipojua, usimpige kofi kuficha aibu. Nendeni wote mkaulize.