Ufunguo wa bweni uko mfukoni mwa nani?



Ama baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.), leo tunataka kuzungumza na wazazi, walimu wenzetu na wanafunzi juu ya ufunguo. Tunakusudia ule wa chuma hasa: wa lango la madrasa, wa mlango wa msikiti, na wa bweni wanamolala watoto tuliowapokea kutoka mikononi mwa wazazi wao.

Katika miji mingi ya Marekani, ukipita mbele ya shule, duka kubwa au jengo la ofisi, utaona karibu na mlango mkuu kisanduku kidogo cha chuma kizito kilichokazwa ukutani, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ndani yake mna ufunguo wa jengo hilo. Kikishafungwa, mwenye jengo mwenyewe hawezi kukifungua. Anayeweza ni idara ya zimamoto ya mji huo tu, ambayo ina ufunguo mmoja unaofungua visanduku vyote vya eneo lake. Kampuni inayojulikana zaidi kwa kazi hii inaitwa Knox, nayo imo katika biashara hiyo tangu 1975, hata watu wengi huko hukiita kisanduku chochote cha namna hii kwa jina lake. Wasomaji wetu wanaoishi huko wanavipita kila siku, pengine bila kujua ni vya nini.

Sababu yake ni rahisi. Kengele ya moto ikilia saa nane za usiku katika jengo lililofungwa, zimamoto wana njia mbili: kuvunja mlango, au kumsubiri mwenye ufunguo atoke kwake usingizini. Kuvunja mlango wa chuma kunakula dakika, na moto haungoji. Na mara nyingine kengele imelia bure, moshi wa jikoni tu, na mwenye jengo asubuhi anakuta mlango wake umeng'olewa. Kisanduku kinaondoa yote mawili. Askari anafika, anafungua, anachukua ufunguo, anaingia.

Kanuni za moto zinazofuatwa katika majimbo mengi ya nchi hiyo zinampa mkuu wa zimamoto mamlaka ya kumtaka mwenye jengo aweke kisanduku pale ambapo kuingia ni kugumu au ambapo kuchelewa kunaweza kuua watu. Zinasema pia jambo ambalo sisi tumelipenda kuliko yote: kitasa kikibadilishwa, mwenye jengo ni lazima atoe taarifa mara moja, na ufunguo mpya uingizwe kisandukuni. Maana ufunguo wa kitasa cha zamani ni kipande cha chuma tu.

Tulipolieleza jambo hili mbele ya walimu wenzetu, pingamizi la kwanza lilikuwa la wizi. Walisema: mnataka tutundike ufunguo wa msikiti nje, barabarani? Na huo ufunguo mmoja unaofungua visanduku vya mji mzima ukiibiwa je? Pingamizi hili si la kijinga. Mwaka 2012 gazeti la New York Post liliripoti kwamba lilinunua kwa dola 150, kutoka kwa fundi wa vitasa aliyestaafu, kitita cha funguo ambazo zimamoto na mafundi wa New York huzitumia kuendesha lifti na kuingia sehemu nyingi za mji. Funguo zile hazikuwa za visanduku tunavyovizungumzia, lakini somo ni lile lile: ufunguo unaofungua vingi, ukipotea, unapoteza vingi.

Hata hivyo wenzetu hawakukaa na tatizo hilo mikono kifuani. Idara nyingi za Marekani sasa zinauweka ufunguo huo mkuu ndani ya gari la zimamoto katika kishikizi maalumu. Askari hawezi kuuchomoa mpaka aingize namba yake ya siri, na inaandikwa nani ameuchukua na saa ngapi. Wajerumani wamekwenda mbali zaidi. Kwao kisanduku kimeunganishwa kwa waya na mtambo wa kengele ya moto wa jengo. Siku za kawaida mlango wake wa nje umefungwa kwa umeme na hakuna ufunguo duniani unaoufungua. Kengele ya moto ikilia ndipo unapoachia, na nyuma yake kuna mlango wa pili ambao zimamoto wanaufungua kwa ufunguo wao. Mwizi akikitoboa, kengele nyingine inapiga kelele. Kwa maoni yetu huo ndio mpango bora kuliko yote, ingawa ni wa gharama na unahitaji umeme usiokatika, jambo ambalo huku kwetu Bujumbura hatuwezi kuliahidi.

Wapo pia waliotuambia kwamba ufunguo ni amana na haifai kumkabidhi mtu wa nje. Sisi tunaona amana ndiyo inayotupa hoja. Wanafunzi wetu wanajifunza kisa cha Uthman bin Twalha, mshika ufunguo wa Kaaba, siku ya kufunguliwa Makka mwaka wa 8 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliuchukua ufunguo, akaingia, kisha akamrudishia yeye na kizazi chake, na mpaka leo uko kwa Banu Shayba. Wafasiri wengi wameinasibisha na tukio hilo aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mwenye ufunguo, basi, ni mtu anayejulikana, aliyekabidhiwa mbele ya watu, na anayeweza kuulizwa. Idara ya zimamoto yenye daftari la nani ameshika ufunguo usiku huu iko karibu zaidi na maana hiyo kuliko madrasa ambayo ukiuliza "ufunguo uko wapi?" kila mtu anamtazama mwenzake.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye uchungu.

Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, wasichana 26 walikufa bwenini. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Machi 2001, Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Bweni lile nalo lilikuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli. Aprili 2008 ikawa zamu ya Uganda, shule ya msingi ya Budo, wasichana wapatao 20. Septemba 2017 moto uliingia madrasa ya kuhifadhisha Qur'ani mjini Kuala Lumpur, Malaysia, wakafa 23, wanafunzi pamoja na walimu wao. Na pale pia madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2020, Kyerwa, mkoani Kagera, jirani kabisa na sisi, wanafunzi 10 wa shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Tunazijua sababu za kufunga, maana sisi ni walimu na tunalala madrasani. Tunafunga kwa sababu ya wezi. Tunafunga kwa sababu vijana wa miaka kumi na mitatu wakiachiwa mlango wataruka kwenda kutazama mpira. Tunafunga kwa sababu mzazi wa msichana ametuambia kwa mkono kifuani, "Ustadh, binti yangu ni jukumu lako." Hakuna mwalimu anayefunga kwa ubaya. Anafunga, anaweka ufunguo mfukoni mwa kanzu, anakwenda kulala kwake mtaa wa pili. Na usiku ule zamu (ndivyo tunavyomwita mlinzi huku) hana ufunguo wa akiba, kwa sababu kamati haimwamini. Mtu tumemkabidhi roho za watoto arobaini, kufuli hatukumkabidhi!

Je, kisanduku cha Marekani kingewaokoa watoto wale? Tuseme kweli: hapana, si peke yake. Kile kimetengenezwa kwa ajili ya mji wenye gari la zimamoto linalofika kwa dakika chache. Wakazi wa Bujumbura waliouona moto wa soko kuu tarehe 27 Januari 2013 hawahitaji kuambiwa jinsi moto unavyoweza kuishinda nguvu tuliyonayo. Huku kwetu anayefika kwanza ni jirani na ndoo yake. Ndiyo maana tunasema kwa msisitizo kwamba mlango wa chumba cha kulala lazima ufunguke kwa ndani bila ufunguo wowote, kwa komeo la kusukuma ambalo mtoto wa miaka saba analiweza gizani. Anayeogopa vijana kutoroka aweke kengele juu ya mlango, ilie ukifunguliwa. Na dirisha moja angalau kwa kila chumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Fundi chuma wa Buyenzi anaitengeneza kazi hiyo kwa siku moja.

Hapo ndipo fikra ya kisanduku inapoingia, kwa lango la nje, kwa milango ya madarasa, kwa stoo, kwa msikiti uliofungwa baada ya Isha. Fikra yenyewe ni kwamba ufunguo wa pili uwepo pale pale penye jengo, mahali panapojulikana, chini ya ulinzi wa mtu anayetambulika. Hatuhitaji kuagiza kitu kutoka Marekani. Kisanduku cha chuma chenye kioo cha kuvunja, kikae ndani ya kibanda cha zamu, na ufunguo wake uandikwe ni wa mlango gani. Kioo kikivunjika bila moto, kamati itajua asubuhi na itauliza. Seti nyingine iwe kwa nyumbakumi au kwa jirani aliyekubaliwa na kamati mbele ya mashahidi. Kisha imamu na mkuu wa madrasa waende kwenye kituo cha zimamoto, wajitambulishe, waeleze lango liko upande gani, gari linapita wapi, maji yako wapi. Wakikubali kushika ufunguo wenyewe, Alhamdulillah.

Pamoja na ufunguo kuwe na karatasi. Hili tumelichukua kutoka Uingereza. Tarehe 14 Juni 2017, katikati ya Ramadhani, ghorofa la Grenfell mjini London liliungua na watu 72 wakafa, wengi wao ndugu zetu Waislamu. Uchunguzi ulionyesha kwamba zimamoto hawakuwa na ramani za ndani ya jengo, na kwamba walijaribu kuichukua lifti kwa ufunguo wao maalumu ikawashinda. Kuanzia tarehe 23 Januari 2023 sheria ya England inataka kila jengo la makazi lenye ghorofa saba au zaidi, au urefu wa mita 18, liwe na kisanduku salama chenye ramani za jengo na namba za wahusika. Kwa madrasa zetu za ghorofa moja, karatasi moja inatosha: vyumba vya kulala viko wapi, watoto wangapi wamelala humo usiku huu, mtungi wa gesi uko wapi, nani apigiwe simu. Idadi ya watoto iandikwe upya kila jioni baada ya Maghrib. Mtu aliyetoka kwenye moshi akiulizwa wamebaki wangapi, hawezi kuanza kuhesabu kichwani.

Tunajua kuna atakayesema kamati haina fedha. Tunachangisha zulia, tunachangisha vipaza sauti, na mwaka jana tuliona msikiti mmoja ukichangisha taa za rangi za mnara. Zulia tunalipenda na sisi, tunasujudu juu yake. Lakini komeo nne, kisanduku na funguo mbili za kuchongesha hazifikii bei ya zulia la safu moja. Mwenye kutaka kuweka wakfu kwa ajili ya marehemu mzazi wake, hii ni sadaka inayoendelea kila usiku watoto wanapolala.

Wazazi nao wana sehemu yao. Muhula unakaribia, na mtamleta mtoto na godoro lake. Kabla ya kuuliza ada, omba uoneshwe anapolala. Ingia, funga mlango, kisha mwambie mwanao aufungue mwenyewe kwa ndani. Halafu nenda kwa zamu umuulize ufunguo wa akiba uko wapi. Akikuonyesha papo hapo, mwachie mtoto. Akikwambia Ustadh ameondoka nao, rudi ofisini ukazungumze na mkuu wa madrasa siku hiyo hiyo, na godoro libaki kwenye gari mpaka mmalize.

Wabillahi tawfiiq.