Mamba wa Ukutani Hapiki Gumbo

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaoishi katika miji mikubwa ya Marekani na mnaopenda kula nje siku za Jumamosi, leo nina neno nanyi juu ya chakula kinachouzwa kwa jina la Cajun. Majuzi niliingia mgahawa mmoja: ukutani mamba wa plastiki, shanga za Mardi Gras zinaning'inia kila pembe, kodiani inalia. Nikaagiza gumbo. Kikaja kibakuli cha mchuzi mwekundu wa nyanya, umetiwa wanga wa mahindi hadi unavutika, vipande vitatu vya soseji vinaelea, na juu yake pilipili ya unga imetanda kama vumbi la barabarani. Nilipiga chafya kabla sijaonja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na yule mamba alikuwa anatembeza kweli kweli.

Mtaniuliza, mchuzi tu, makelele ya nini? Hebu tukumbuke jina hili ni la akina nani. Cajun ni wajukuu wa Wafaransa wa Acadie, huko iliko Nova Scotia leo, ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Walitawanywa melini, na baadhi yao wakafika Louisiana, wakakaa kandokando ya vinamasi na kula walichokipata huko. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1921 iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza, na watoto wengi waliadhibiwa kwa kusema Kifaransa cha mama zao. Watu waliochapwa kwa lugha yao, leo jina lao ni kibandiko kwenye kopo la viungo.

Wala chungu cha gumbo hakikuwa chao peke yao. Neno gumbo wataalamu wengi hulirudisha kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Ni lugha ndugu za Kiswahili, ingawa sisi jina la bamia tumelipata kwa Waarabu. Waliolivusha bahari walivushwa kwa minyororo. Wachoctaw, wenyeji wa nchi ile, ndio walioongeza unga wa majani makavu ya msasafrasi.

Na kinachoufanya mchuzi huo uwe mchuzi ni ruu, yaani unga wa ngano unaokaangwa katika mafuta. Nimeipika, naijua adhabu yake. Sufuria zito, moto wa wastani, mwiko wa mbao usiopumzika. Unga huanza mweupe, ukawa rangi ya mchanga, ya karanga, ya shaba, mwishowe ya chokoleti. Dakika 40 hizo, pengine saa nzima, na simu ikilia iache ilie. Ukiona vitone vyeusi, imeungua. Mwaga, anza upya. Ikiiva unatia kitunguu, seleri na pilipili hoho zilizokatwakatwa, inachachatika, nyumba nzima inanukia kama karanga zilizokaangwa. Wenye migahawa husema hawana saa ya kumlipa mtu akoroge. Huo si udhuru. Ruu hukaa kwenye friji siku kadhaa bila kuharibika. Ipikeni Jumatatu mtumie wiki nzima.

Sisemi, hata kidogo, kwamba chakula kisiguswe. Paul Prudhomme, mzaliwa wa Opelousas katika nchi ya Cajun yenyewe, alifungua mgahawa wake New Orleans mwaka 1979 akavumisha samaki aitwaye redfish, aliyechovywa katika siagi, akapakwa viungo na kuchomwa kwenye kikaango cha chuma hadi akawa mweusi. Bibi zake hawakupika hivyo. Ulikuwa ubunifu wake, na walaji waliupenda mpaka redfish wa Ghuba ya Meksiko wakavuliwa kupita kiasi, serikali ikabidi izuie uvuvi wao wa biashara. Leo migahawa inamuuza samaki huyo kana kwamba alishuka na Waacadie melini! Nao Wavietnamu wa Houston huwachemsha kamba wa matopeni, wale wekundu wenye magando, kisha huwamwagia siagi na kitunguu saumu tele. Hawamdanganyi mtu, chakula ni chao, wanakitaja kwa jina lao, na mimi hula hadi vidole vinanuka siku mbili.

Ninachowalaumu ni wale wanaobadilisha halafu wanaapa kwa jina la bibi wa watu. Kamba wa matopeni hufugwa Louisiana katika mashamba ya mpunga, na msimu wao hukolea majira ya machipuko. Nje ya msimu nyama yao nyingi huletwa kutoka China. Ndiyo maana jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2019 kuitaka migahawa imwambie mlaji iwapo kamba wake wametoka ng'ambo. Kwingi kwingineko hakuna anayekulinda ila ulimi wako. Basi utumie, ndugu yangu. Uliza ruu imekorogwa kwa muda gani. Uliza kamba ni wa wapi. Usione haya, fedha ni yako.

Mimi niliuliza pale pale chini ya mamba, maana menyu iliandika kwa herufi kubwa kamba wa Louisiana. Mhudumu, kijana mwenye adabu, akaenda jikoni, akakaa kitambo, akarudi anajifuta mikono.

"Wametoka kwenye friza, mzee."