Gogo Lisilo na Jina

Gogo lililokwisha pakiwa loriani halina jani, halina ua wala tunda. Gome limechubuliwa, na kilichobaki ni mti mwekundu ambao mwenye mali huupa jina alipendalo yeye. Afisa wa forodha hutazama hati, hutazama gogo, kisha hugonga mhuri. Katika dakika hizo chache, mti uliochukua miongo mingi kukua waweza kuvuka mpaka kwa jina lisilo lake. Jambo hili si dogo, na leo hatuna budi kulisema waziwazi.

Mfano ulio karibu nasi ni mukula. Mti huu, ambao wataalamu huuita Pterocarpus tinctorius na ambao Tanzania hujulikana kwa jina la mkurungu, huota katika misitu ya miombo ya kusini mwa Kongo, Zambia, Malawi na Tanzania. Katika muongo wa 2010 wanunuzi kutoka China, ambako mbao nyekundu hupendwa sana kwa samani za fahari, waliufuata hadi vijijini. Ukatwaji wa pupa ukaanza. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori yaliyosheheni magogo ya mukula kutoka Kongo, na mwaka 2019 mti huo uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES. Orodha hiyo haikatazi biashara. Inataka nchi ithibitishe kwanza kwamba mti umevunwa kwa halali, na kwamba uvunaji huo hautaangamiza aina yake.

Lakini sheria hufuata jina, na hapo ndipo walanguzi walipopata mwanya. Mukula una ndugu yake, Pterocarpus angolensis, ambao sisi huuita mninga. Zambia huitwa mukwa au mulombwa, Msumbiji huitwa umbila, na Afrika ya Kusini huitwa kiaat. Mti mmoja, majina matano! Miti hii miwili ikiwa imesimama porini, mjuzi aweza kuitofautisha kwa majani, maua na matunda yake. Ikishapasuliwa mbao, hata mtaalamu mwenye darubini mara nyingi huishia kusema kwamba huu ni ukoo wa mninga, bila ya kuweza kuapa ni ndugu yupi.

Kwa sababu hiyo, katika mkutano uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022, mataifa yaliamua kuweka chini ya ulinzi miti yote ya ukoo huo iotayo barani Afrika, pamoja na ukoo wa mkongo na ule wa mahogani ya Kiafrika. Twaukubali uamuzi huo kuwa wa lazima. Hata hivyo tusisahau ni nani anayebeba mzigo. Fundi na mfanyabiashara mwaminifu anayetaka kuuza mbao za mninga nje ya nchi hana budi sasa kutafuta kibali kile kile. Mwaminifu analipa deni la mlaghai.

Wako wanaodai kwamba kuutambua mti usiojulikana ni kazi ya maabara za Ulaya pekee. Hatukubaliani nao. Hatua ya kwanza yahitaji kisu kikali na kioo cha kukuzia mara kumi. Hukatwa kipande laini katika kichwa cha gogo, kikalowanishwa kidogo, kisha vikatazamwa vitundu vilivyokuwa vikipitisha maji: ukubwa wake, mpangilio wake, na mistari myeupe inayovizunguka. Hupimwa uzito, kwani kipande cha kiini cha mpingo huzama majini. Hunuswa harufu ya mbao iliyokatwa sasa hivi. Maganda ya kiini cha mti wa ukoo wa mninga yakilowekwa, mara nyingi maji hung'aa rangi ya buluu yakielekezwa kwenye mwanga. Rangi peke yake isiaminiwe, kwani jua huifubaza na vanishi huigeuza.

Hatua hizo hazitoi hukumu ya mwisho, bali zatosha kumwambia afisa kwamba lori hili lisiondoke. Hukumu yenyewe hutolewa kwa kulinganisha na vipande vinavyojulikana. Jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji, limehifadhi zaidi ya vipande 50,000 vya mbao, vingi vikiwa vimetoka Kongo. Ni jambo la kusikitisha kwamba miti ya misitu yetu yajulikana vizuri zaidi katika kabati za ng'ambo kuliko katika vituo vyetu vya mipakani.

Kwa hiyo twatoa mwito kwa wenye madaraka. Kwanza, kila kituo cha forodha kinachopitisha mbao kipewe kisu, kioo cha kukuzia na sanduku la vipande vya miti ya eneo lake, na maafisa wafundishwe kuvitumia. Pili, jina la mti liandikwe msituni, penye kisiki, wakati majani bado yako mkononi. Lisingoje kuandikwa mpakani. Tatu, wazee wa vijiji, wawindaji na waganga waijuao miti kwa gome na utomvu wake washirikishwe, na ujuzi wao uandikwe kabla haujazikwa pamoja nao. Nne, nchi zinazopakana zikubaliane juu ya orodha moja ya majina, ili mukwa wa upande huu usigeuke mti mwingine upande wa pili.

Mkata magogo hupata ujira mdogo, kijiji hubaki na visiki, na faida kubwa huenda kwa yule aliyeandika jina la uongo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Msitu ni mali yetu sote, na daftari lake la kwanza ni jina la kila mti. Tuliandike sasa, maana kisiki hakiulizwi kikajibu.