Kibarua cha Mtunzi na Hakimiliki Yake

Mtunzi asiye na ajira ya kudumu katika Garissa, Wajir au Mandera haishi kwa kalamu. Soko la vitabu ni dogo na wachapishaji wengi wako Nairobi. Kinachomwezesha kuendelea kuandika ni kazi za muda mfupi: ukalimani na tafsiri katika kambi za Dadaab, ukarani wa sensa kila baada ya miaka 10, ukarani wa uchaguzi, na ukusanyaji wa data kwa niaba ya mashirika, aghalabu kupitia kwa wakala.

Wapo wanaozibeza kazi hizi. Hudai kwamba msomi wa fasihi anayezunguka na hojaji juani anaidhalilisha taaluma. Sikubaliani nao. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa mwaka 1991 na 1992, na wakati wa ukame wa mwaka 2011 wakazi wa Dadaab walizidi 400,000. Umati kama huo hauhudumiwi bila lugha. Tabibu aliyetoka Kisumu huzungumza Kiswahili au Kiingereza, mgonjwa huzungumza Kisomali, na aliye katikati yao ndiye anayebeba maana. Hiyo ni isimu tumizi hasa. Isitoshe, anayeketi mkekani kusikiliza visa vya watu hupata malighafi ambayo maktaba zetu hazina. (Wakalimani ambao ni wakimbizi wamekuwa wakilipwa posho ndogo tu, na Mkenya wa kazi iyo hiyo akilipwa mshahara. Hilo lastahili makala yake.)

Tatizo liko kwingine. Kibarua cha sensa kikiisha kimeisha. Karani hakuacha kitu nyuma ila jasho. Kibarua cha kutunga si hivyo. Kampeni za afya, kama zile za chanjo baada ya mlipuko wa polio wa mwaka 2013, huhitaji michezo mifupi, nyimbo na matangazo ya redio. Mtunzi anaweza kulipwa kwa siku, sawa na mpakuaji wa magunia, akaondoka akiwa ameridhika. Lakini kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinaeleza kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila pande mbili zikiwa zimekubaliana vinginevyo. Mchezo huo ukiigizwa Wajir mwaka ujao au ukitiwa katika kijitabu, mtunzi hana la kudai. Hata kuuingiza katika mkusanyiko wake mwenyewe itambidi aombe ruhusa.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa hawakutia saini popote, hawakuuza chochote. Sheria yasema kinyume: kukosa makubaliano ndiko kunakouza. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hudai mkataba wa maandishi kwa ajira ya miezi 3 au zaidi. Kazi ya wiki mbili haifikii kiwango hicho, kwa hiyo ni mtunzi mwenyewe atakayelazimika kuomba karatasi.

Napendekeza chama chetu kiandae mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sanifu, utakaotaja malipo, matumizi yanayoruhusiwa, na kwamba hakimiliki inabaki kwa mtunzi. Wahadhiri wa tafsiri wanaweza kuufanya zoezi la darasani; lugha ya sheria ni sajili tunayoisoma na kuitungia mitihani bila kuitumia. Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba wakala atamwacha anayeuliza na kumwita asiyeuliza. Ni kweli, na ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa mtu mmoja mmoja. Wakala akikutana na karatasi ile ile kwa kila mhitimu wa Kiswahili, hatakuwa na wengi wa kuwakimbilia. Rasimu ijadiliwe kabla ya wanachama kutawanyika likizoni, maana ndicho kipindi ambacho wengi wao hutafuta vibarua hivi.