Msiwalaumu Makocha, Tazameni Kalenda

Eti makocha wa futiboli ya Kimarekani vyuoni wanaoacha timu zinazoshinda ni wasaliti wenye uchu wa pesa! Anayesema hivyo kaona nusu ya mambo. Pesa zipo, nani anabisha? Kocha Brian Kelly alipoihama Notre Dame mwaka 2021, chuo cha LSU kilimpa mkataba wa miaka 10 wa takriban dola milioni 95. Lakini Chip Kelly, Februari 2024, aliacha ukocha mkuu wa UCLA akaenda Ohio State kusimamia mashambulizi chini ya kocha mwingine. Uchu gani huo wa kushuka cheo?

Tazama kalenda. Mwaka 2025 msimu wa kawaida uliisha mwishoni mwa Novemba, na Desemba 3 vijana wa sekondari wakaanza kusaini na vyuo. Chuo kisicho na kocha wiki hiyo kinahatarisha kundi zima la wachezaji wapya. Ndiyo maana kocha Lane Kiffin alihamia LSU huku Ole Miss, aliyoifikisha ushindi 11 na kipigo kimoja tu, ikisubiri mechi za mtoano. Aliomba abaki aiongoze hadi mwisho. Ole Miss ikakataa.

Na huo uaminifu mbona unadaiwa upande mmoja? LSU hiyohiyo ilimtimua Brian Kelly Oktoba 2025, katikati ya msimu, mkataba wake ukiwa haujafika hata nusu. Anayetaka makocha wasihame kabla ya mtoano kwisha aanze kwa kudai tarehe ya kusaini isogezwe.