Mizani ya Haki Mlimani

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Tangu hapo wageni wameongezeka, nayo mipango mipya ya kuwapokea ni ya lazima. Lakini twauliza: mpango unaohesabu mahema na vyoo, je, wamhesabu pia mpagazi? Kanuni ya kilo 20 kwa mzigo ipo. Mizani ipo langoni. Isiposomwa kwa uaminifu, bega la maskini ndilo linalolipa. Ujira wa mtenda kazi ni haki yake, si sadaka. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, wasikilizeni wapagazi walio kati yenu, mkayafikishe maneno yao kwa wapangaji kabla mpango haujatiwa sahihi.