Mvua iko, chemchem iko: nani anasimamia maji ya Masisi na Walikale?



Kila mara tunapouliza habari ya maji, wakubwa wanatujibu habari ya vita. "Mungoye kwanza amani irudi, kisha tutaleta robine." Jibu hilo wazazi wetu walilisikia wakiwa batoto, leo wana wajukuu na bado bidoni iko kichwani. Sisi tunalikataa. Vita inaeleza mambo mengi, lakini haielezi kwa nini kabla ya vita hii, na kabla ya ile iliyotangulia, hakuna aliyekuwa anashika daftari ya maji mu Masisi na Walikale.

Tuanze na kile tulicho nacho. Kongo ina zaidi ya nusu ya maji ya juu ya ardhi ya Afrika nzima. Mwaka 2011 UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lilihesabu kwamba Wakongomani milioni 51, robo tatu ya raia wa wakati ule, hawakuwa na maji safi ya kunywa. Nusu ya maji ya bara moja, na robo tatu ya watu wana kiu! Hiyo si laana ya Mungu. Hiyo ni kazi ya watu, na watu wanaweza kuulizwa.

Masisi ni nchi ya milima na mvua. Chemchem zinatoka juu ya vijiji, kwa hiyo maji yanaweza kushuka yenyewe ndani ya tiyo mpaka kwenye fontene. Hayaombi mazutu, hayaombi umeme. Linganisheni na Goma yetu, inayovuta maji ya Ziwa Kivu kwa pampu. Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mjini, umeme ukakatika, pampu zikasimama, na watu wakashuka ziwani na bidoni kuchota maji yasiyosafishwa. Maji ya mlimani hayana udhaifu huo. Walikale nayo ni pori kubwa lenye mito: Lowa inapita pale pale Walikale-centre, na Oso inatoka upande wa Masisi kwenda kuungana nayo, mpaka Lualaba. Ukikosa maji safi mahali kama pale, usitafute kosa mbinguni.

Kosa la kwanza liko kwenye kujenga bila kukabidhi. Mnazijua fontene hizo. Zina kibao chenye jina la mfadhili, zilizinduliwa kwa ngoma na picha, kisha mradi ukaisha. Robine ikivunjika hakuna anayejua nani ananunua nyingine. Komite ya maji ipo kwenye karatasi, pesa kidogo ya bamama inaingia kila mwezi, lakini hesabu hazisomwi mbele ya watu. Shida hii si ya kwetu peke yetu: hesabu ya mwaka 2009 iliyochukua nchi 20 za Afrika ilionyesha kwamba pampu za mkono zaidi ya moja kati ya tatu hazikuwa zinafanya kazi. Kujenga ni siku moja. Kutunza ni kila siku, na hakuna anayekata utepe kwa ajili ya kutunza.

Kosa la pili linasemwa kidogo sana: nani anatumia maji, na kiasi gani. Chemchem iliyojengwa kwa kijiji kimoja leo inanywesha kijiji pamoja na maelfu ya wakimbizi wa ndani. Kipimo cha misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu saba inahitaji zaidi ya bidoni tano za lita 20. Hesabuni wenyewe ni safari ngapi za mama au binti, kwenye njia ambako wanawake wanabakwa. Kisha juu ya chemchem ile ile kuna anayeosha koltani, mfereji wake unageuza kijito kuwa tope. Kuna shamba kubwa ambalo ng'ombe wake wanaingia moja kwa moja ndani ya maji. Kuna miti ya mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchem, inayokunywa mchana na usiku.

Kwa hiyo msitusomee somo la "tutumie maji vizuri" kama mnamlenga mama mwenye bidoni tatu. Yeye ameshapunguza mpaka mwisho. Kusimamia matumizi ya maji kwetu kunaanza na wakubwa: mchimbaji na negosia wake, mwenye shamba, mwenye mbao. Mtu wa kwanza kupewa maji ni yule anayekunywa. Anayeosha madini aje nyuma, achimbe bwawa lake la kutuliza tope, na alipie.

Nchi zingine zilijifunza. Cape Town, mwanzoni mwa 2018, mabwawa yalipokaribia kukauka, kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na mji ule ukapunguza matumizi yake zaidi ya nusu ukilinganisha na mwaka 2015. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, unasafisha maji machafu mpaka yanakuwa ya kunywa tangu 1968, kwa sababu hauna mto wa kudumu karibu. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2019, ikaunda RUWASA kwa ajili ya vijijini, na kuweka vyombo vya watumia maji vyenye usajili na hesabu. Kule nako hakukosi matatizo, lakini raia anajua mlango wa kugonga. Watu wa jangwani wanahesabu kila tone. Sisi wa mvua hatuhesabu hata fontene zilizokufa.

Tutaambiwa: pesa iko wapi? Pesa iko ndani ya mlima, wandugu. Desemba 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23, iliyokamata Rubaya tangu Aprili mwaka ule, inapata angalau dola 800 000 kila mwezi kwa kutoza koltani. Mu Walikale, mgodi wa Bisie ulitoa zaidi ya tani 17 000 za bati mwaka 2024. Sheria ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevansi ya madini iende kwa sheferi na sekta, na kampuni iweke asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Basi tunauliza kwa sauti: kwenye sekta ya Wanianga, ambako Bisie iko, pesa hizo zimejenga na kutunza fontene ngapi? Karatasi ibandikwe ukutani, watu wasome.

Na kwa yule anayeweka barrière njiani Masisi, awe nani, avae uniforme gani: hatukupi uhalali wowote, lakini tunakudai. Anayekusanya kodi anadaiwa maji. Huwezi kuhesabu kila gunia la koltani kisha useme huwezi kuhesabu robine.

Serikali ya Kinshasa nayo isijifiche nyuma ya M23. Katiba, kifungu cha 48, inamhakikishia raia haki ya maji ya kunywa tangu 2006. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 imefungua mlango kwa majimbo, sheferi na sekta kusimamia maji, REGIDESO isibaki peke yake. Karatasi tunazo nzuri kabisa. Lakini kipindupindu hakisomi karatasi. Katika miezi saba ya kwanza ya 2023, UNICEF ilihesabu Kivu Kaskazini zaidi ya wagonjwa 21 400 wa kipindupindu au waliodhaniwa kuwa nacho, na zaidi ya 8 000 kati yao walikuwa batoto wa chini ya miaka mitano. Kipindupindu hakikungoya amani. Kwa nini robine ingoye?

Tunadai haya:

1. Kila sheferi na sekta, Bahunde, Bashali, Osso-Banyungu, Katoyi, Wanianga na Bakano, iwe na orodha ya chemchem na fontene zote: inayofanya kazi, iliyokufa, na nani anaitunza.

2. Sehemu iliyotajwa wazi ya redevansi ya madini iwekwe kwa kutunza maji, na hesabu zisomwe mbele ya watu kila miezi mitatu.

3. Kuosha madini, kuingiza ng'ombe na kupanda mikaratusi kwenye chemchem ya kunywa kukatazwe, na katazo lianze na wenye nguvu.

4. ONG na wafadhili wasizindue fontene bila komite iliyochaguliwa na watumiaji, yenye wanawake wanaoshika sanduku la pesa, yenye fundi wa kijiji na vipuri.

5. Pande zote za vita ziache tiyo, matanki na wachotaji. Kushambulia maji ya raia ni kosa la vita.

Na sisi vijana wa mjini? Wengi wetu familia ziko Kitchanga, Nyabiondo, Mweso, Pinga, Kibua. Uliza nyumbani: fontene ya kwetu inatoka? Nani anashika pesa? Nani anaosha madini juu yake? Andika, piga picha kama hakuna hatari, na utuletee. Orodha ambayo wakubwa hawataki kuifanya, tutaianza sisi. Kisha tutaipeleka ofisini, na tutakaa mlangoni mpaka wasome.

Mayi ni haki. Hatuombi sadaka, tunadai hesabu.